Koti la Ma Thandi

Watu wakisema mtoto hana hatia, mimi hunyamaza. Sitaki ubishi. Namkumbuka tu mtoto mmoja wa miaka kumi, soksi zake za shule zimemshuka, amesimama kwenye baraza la nyumba moja pale mtaa wa La Rochelle, Johannesburg, na mtoto yule alikuwa na hatia. Alijua anachofanya. Ningempata mwingine wa kumsingizia ningemsingizia, lakini mtoto huyo ni mimi.

Kilichonirudisha huko ni harufu. Juzi nilikuwa nasubiri kuvuka pale kwenye robot, yaani taa za kuongoza magari, vijana wawili wakawa juu ya ngazi wanafunga mabango mapya ya wagombea udiwani kwenye nguzo ya taa. Bango moja likawaponyoka, likaanguka miguuni pangu. Nililiokota niwape. Ni yale ya plastiki ngumu, nyepesi, yenye vijimifereji ndani, na yakiwa mapya yananuka wino na kitu kingine kama ndani ya jokofu lililotoka dukani. "Sharp, sisi," kijana akaniambia, yaani asante dada, amenyoosha mkono. Nikawa bado nimelishika. Ikabidi ashuke ngazi aje kulichukua mwenyewe, ananitazama kwa wasiwasi.

Baba yangu ni fundi cherehani. Alitoka Uvira kabla sijazaliwa, na miaka ile alikuwa akishona kwenye baraza la mbele la nyumba ambayo sisi tulipanga chumba chake cha nyuma. Mama alisuka nywele mjini, anatoka asubuhi anarudi jioni, kwa hiyo mimi nikitoka shule nilikaa na Baba barazani. Nyuma ya cherehani kulikuwa na ukuta, na ukutani misumari, na kwenye misumari zilining'inia patroni zake. Patroni, ndivyo mafundi wa kwetu wanavyoita vile vipande vigumu anavyovilaza fundi juu ya kitambaa, akavizungushia chaki, ndipo akate. Kuna cha kola, kuna cha mkono, kuna cha mgongo. Mafundi wengine hukata patroni kwa maboksi. Baba alikata zake kwa mabango ya uchaguzi.

Kwa hiyo ukuta wetu ulikuwa na macho. Kola moja ilikuwa kidevu na tai ya bwana fulani. Mkono wa shati la kiume ulikuwa shavu la mama mmoja pamoja na sikio lake lenye hereni. Zile za zamani zaidi zilikuwa za karatasi iliyobandikwa juu ya ubao laini, zimeshaliwa pembeni. Zilizofuata zilikuwa za plastiki. Baba hakuwa na kitambulisho cha kumruhusu kupiga kura, alikuwa na ile karatasi ya hifadhi ya mkimbizi tu, ya kwenda kupangia foleni kila mara, lakini chaguzi zote za kata ile alizijua kwa vidole. "Huyu," ananionyesha kola, "alisema ataleta taa. Akashinda. Na huyu wa mukono alisema ataleta taa pia, akashindwa. Hawa wawili ni wa ule uchaguzi mudogo, diwani alipohama. Nao walisema taa." Halafu anacheka, anaangalia barabara yetu ambayo ikifika saa moja jioni humwoni mtu wa mbele yako. "Lakini kola yake ni nzuri sana. Sijapata kola ingine kama ile."

Alikuwa na sheria moja ambayo haikuvunjwa. Hakugusa bango kabla ya kura kuhesabiwa. Alisubiri mpaka wale watu wa ngazi warudi kuyashusha, ndipo awaendee, kofia mkononi, awaombe. "Mutu hakatwi mbele ya kura zake kuhesabiwa," alisema. Nilipokuwa mdogo kabisa nilidhani wale wa kwenye nguzo ni marehemu, kwa sababu kanisani kwetu picha kubwa namna ile yenye jina chini yake niliiona kwenye misiba tu. Nikadhani uchaguzi ni msiba mkubwa wa watu wengi, na Baba anasubiri wazikwe kwa heshima ndipo achukue vilivyobaki. Ningependa kuwaambia kwamba hata siku ile nilikuwa bado naamini hivyo. Hapana. Nilikuwa na miaka kumi, nilijua vizuri sana kwamba ni watu hai, wazima wa afya, wanapita mtaani.

Mwaka ule wa uchaguzi wa madiwani, mwalimu wetu alitupa kazi. Kila mmoja amuulize mzee wa nyumbani kwake: kata yetu imechagua akina nani tangu mwanzo, walifanya nini, ninyi mlikuwa wapi siku ile? Kisha tuandike na kubandika picha kwenye ubao mkubwa mgumu, tulete Ijumaa. Darasa zima likaanza kelele, my granny, my uncle. Mimi nikatazama dawati.

Jamani, historia nzima ya kata ile ilikuwa imening'inia nyumbani kwetu kwenye misumari. Hakuna mtoto darasani aliyekuwa na mali ile. Ningemwambia Baba aje nazo, angefunga cherehani siku hiyo, angevaa suti. Lakini angezungumza. Angefungua mdomo mbele ya wenzangu na kile Kiingereza chake, na Kizulu chake cha salamu, "unjani, ngiyaphila" basi, na wote wangejua mimi ni wa wapi. Wakati ule nilikuwa natembea hatua kumi mbele ya wazazi wangu barabarani. Baba akiniita kwa Kiswahili, mimi namjibu kwa Kiingereza, tena kwa sauti ya chini.

Basi nikaenda kwa Gogo wa nyumba ya pili, bibi wa Kizulu aliyekuwa akileta sketi zake kwa Baba. Alinieleza siku ya kwanza walipomchagua diwani wao wenyewe, jinsi foleni ilivyoizunguka shule, jinsi alivyovua viatu akasimama peku kwa sababu vilikuwa vya kuazima na vilimbana. Niliandika kila neno. Juu yake nikaandika: Bibi yangu. Bibi yangu mimi alikuwa Uvira, hajawahi kuiona Johannesburg hata kwenye picha. Nilimfuta kwa kalamu, nikajitwalia bibi wa watu.

Ikabaki ubao. Nikamwomba Baba. Akasema subiri, uchaguzi ukipita nitakupa ubao hata tano. Nikamwambia ni Ijumaa. Akasema, "Basi mwalimu atangoja, kura hazijahesabiwa." Alisema kwa upole, hata mguu haukuacha kukanyaga cherehani.

Jumatano nikitoka shule nilipita njia ya nyuma. Mabango ya vyama vikubwa yalikuwa juu kabisa, vyama vina ngazi. Bango moja tu lilikuwa chini, usawa wa kifua changu. Lilikuwa la Ma Thandi. Huyu alikuwa mama wa mtaani kwetu, alikuwa na chekechea ya watoto wadogo kwenye gereji yake, na mwaka ule alikuwa anagombea mwenyewe bila chama. Mabango yake yalikuwa machache, na aliyafunga kwa mikono yake mwenyewe mpaka pale mikono yake ilipofika. Hakuwa na kamba. Aliyafunga kwa vipande vya vitambaa alivyopewa na Baba, yale mabaki ya kitenge yanayoanguka chini ya cherehani. Nilipofungua lile fundo nilikijua kitambaa. Kilikuwa cha sare ya kwaya yetu, njano na buluu. Nilikifungua hivyo hivyo, na kitambaa nikakitia mfukoni.

Nyumbani Baba alikuwa ameenda kununua nyuzi. Nilikata bango kwa mkasi wake mkubwa, nikapata ubao wa kunitosha, na upande wa nyuma ulikuwa mweupe safi. Kikabaki kipande kirefu chenye paji la uso la Ma Thandi, jicho moja, na mwanzo wa jina lake. Kwenye pipa la taka kingeonekana. Mahali pazuri pa kuficha bango lililokatwa ni katikati ya mabango yaliyokatwa, ndivyo nilivyofikiri, na nikajiona nina akili sana. Nikakitoboa tundu, nikakitundika kwenye msumari, nyuma ya mikono na migongo.

Ijumaa mwalimu alinisifu. Kazi yangu ilibandikwa kwenye korido, na watoto waliniuliza habari za bibi yangu aliyesimama peku.

Jumamosi asubuhi Ma Thandi akaja kujaribu koti lake. Baba alikuwa anamshonea koti la kuvaa siku ya kupiga kura, la buluu iliyoiva, lenye kola ya yule bwana wa taa. Lilikuwa limepigwa bandi tu, ule mshono wa muda, pini zimejaa mabegani. Akalivaa, akasimama barazani mikono imenyooka, Baba anamzunguka na chaki, pini mdomoni. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye ngazi. Kazi yangu Jumamosi ilikuwa kutafsiri, kwa sababu Baba na wateja wake walielewana kwa vidole na tabasamu, na mambo yakizidi hapo wananiita.

Upepo ukapita. Ukutani patroni zikagongana kama kawaida yake. Nikamwona Ma Thandi anatazama nyuma ya Baba. Akanyoosha mkono taratibu kwa ajili ya pini zile zote, akasogeza patroni ya mgongo, akasogeza ya mkono, na hapo akajiona mwenyewe. Jicho moja na nusu ya jina. Akaziachia patroni, zikakifunika tena kile kipande.

Hakupiga kelele. Ingekuwa nafuu angepiga kelele. Akanigeukia mimi, akaniuliza kwa Kizulu, kwa sauti ile ya kuongea na watoto wa chekechea, "Mwanangu, mwulize baba yako, hili alilitoa kwenye nguzo?"

Baba akatoa pini mdomoni. "Anasema nini?"

Hapo, wenzangu, palikuwa na nafasi. Palikuwa na muda wa kutosha kabisa. Mara nyingi nimeurudia muda ule kichwani, na kila nikiurudia ni mrefu. Ningesema ni mimi, Ma Thandi angenishika sikio, Baba angenichapa, Jumatatu mwalimu angejua. Basi, ndiyo hayo tu. Lakini mimi niliiona korido ya shule, na ubao wangu, na bibi yangu wa kuiba.

Nikamwambia Baba kwa Kiswahili changu cha mapengo: "Anasema kazi yako ni nzuri. Anauliza kama hizi zote umekata wewe."

Uso wa Baba ukafunguka. Sijawahi kuuona umefunguka vile, wala kabla wala baadaye. Miaka yote barazani pale hakuna mtu aliyewahi kumuuliza habari za kazi yake, walimuuliza itakuwa tayari lini. Akaweka chaki chini. Akazipapasa patroni kwa kiganja, moja baada ya moja, akajigonga kifua. "Umwambie ndiyo! Zote nilikata miye. Zote ni mukono yangu. Umwambie nimeanza zamani, tangu uchaguzi wa kwanza niliyoukuta hapa."

Nikamgeukia Ma Thandi. "Anasema ndiyo," nikasema. "Alilitoa yeye. Anasema ameanza zamani."

Ma Thandi akamtazama Baba. Baba akatabasamu, anatikisa kichwa kukubali. Machoni pa Ma Thandi huyo alikuwa mtu aliyemng'oa kwenye nguzo, tena anamchekea. Akaanza kuvua koti. Alilivua polepole ili pini zisichomoke, akalikunja, akaliweka juu ya cherehani. Na hapo akasema jambo ambalo hata leo nalisikia: "Mwambie, mimi nilimhesabu kuwa jirani."

"Anasema wewe ni jirani mzuri," nikamwambia Baba.

"Asante! Asante, Mama!" Baba akamwinamia, mikono miwili kifuani. "Umwambie Mungu amubariki. Umwambie tunamwombea ashinde."

Hilo nililitafsiri lilivyo, neno kwa neno. Ndilo neno pekee la kweli nililolisema asubuhi ile, na ndilo lililomuumiza zaidi. Ma Thandi akafunga macho kidogo. "Eish," akasema, akachukua mkoba wake, akateremka ngazi, akanipita pale nilipokaa bila kunigusa kichwa kama alivyozoea.

Jioni Mama aliporudi, Baba alimsimulia kabla hajavua viatu. Mgombea! Mgombea mwenyewe amesimama hapa, ameshika patroni zangu, ameuliza! Mama alifurahi, kisha akanitazama. "Na wewe ulitafsiri sawasawa?" Nikasema ndiyo. Akaendelea kunitazama. Nikaenda kuchota maji ambayo hakuna aliyeniagiza, na nikipita barazani nikakitoa kile kipande msumarini kabla Baba hajakiona.

Siku ya uchaguzi shule ilifungwa, na watu wazima wa mtaa wakazunguka na alama nyeusi kwenye dole gumba la kushoto, wakionyeshana. Baba alikaa barazani tangu alfajiri, koti limekamilika, limepigwa pasi, limetundikwa mlangoni. Alidhani atakuja kulichukua akielekea kituoni. Ma Thandi alipita ng'ambo ya pili ya barabara, amevaa sweta yake ya kila siku. Baba akampungia. Hakupunga. "Ana mawazo," Baba akasema. "Siku kubwa hii."

Ma Thandi hakushinda. Sijui kama yeye ndiye aliyesema au ni watoto waliouona ukuta wetu, lakini maneno yalitembea: yule fundi mgeni anang'oa nyuso za watu. Gogo aliacha kuleta sketi. Suruali za shule ambazo kila mwanzo wa muhula zilijaa mpaka chini ya meza, muhula ule zilikuja tatu. Baba hakuelewa. Aliziangalia kazi zake za nyuma, akafumua mshono wa shati lililokuwa halina kosa lolote, akaushona upya. Alidhani mkono wake umeharibika. Mama, yeye, alikuwa akianua nguo siku moja akatazama nyumba za jirani, akasema, "Kikulacho ki nguoni mwako. Kuna mtu wa karibu ametuchafulia jina." Mimi nilikuwa nimeshika beseni la nguo. Nilizikunja zote, hata zilizokuwa bado na unyevu.

Haukupita muda mwenye nyumba akasema analihitaji baraza lake. Baba akabeba cherehani kwenda mjini, kwenye jengo la zamani ambalo chini wanauza vitambaa kwa jumla na juu kuna makanisa matatu. Alipewa kona kwenye ghorofa ya pili, karibu na ngazi, haina dirisha. Yupo hapo mpaka leo. Macho yake yameanza kuchoka kwa ile taa. Na koti la Ma Thandi alilibeba pia, limefunikwa mfuko wa nailoni, kwa sababu Baba ana sheria ya pili: nguo ya mtu haiuzwi, mwenyewe atakuja.

Kiswahili nimejifunza ukubwani, kwa kujilazimisha, kanisani na kwa wateja wa Mama. Watu husema nimependa asili yangu. Kweli kidogo. Ukweli mwingine ni kwamba nilitaka siku nikimwambia Baba, nimwambie kwa maneno yake, nisije nikakwama katikati. Kwa Ma Thandi nimechelewa. Chekechea imefungwa, wanasema alirudi kwao Natal, hakuna mwenye namba yake.

Juzi, siku ile ya bango kuanguka miguuni pangu, sikuvuka barabara. Nilizunguka nikaenda moja kwa moja kwa Baba, sentensi ya kwanza nimeishika mdomoni: Baba, yule mama hakukusifu. Nikapanda ngazi. Nikamkuta na wateja wawili, mke na mume kutoka Bukavu, wageni kabisa mjini, wamekuja kupimwa. Mwanamke alikuwa ameinua ule mfuko wa nailoni, anatazama kola.

"Hili unauza, Papa?"

"Hilo lina mwenyewe," Baba akasema. Akavua miwani. Nikajua kinachofuata, nimekisikia mara nyingi mno: mgombea, baraza, patroni, jinsi alivyozishika moja moja. "Miaka yote mimi nashona hapa Afrika Kusini," akawaambia, "mutu mumoja tu ndiye aliuliza habari ya mukono yangu. Mukubwa. Muzulu. Na si uongo, mutoto wangu huyu hapa, yeye ndiye alitafsiri." Akanigeukia, uso umefunguka kama asubuhi ile. "Waambie. Alisema nini?"

Wale wageni wakanitazama, wanatabasamu tayari. Sentensi yangu ilikuwepo. Kila neno lake nilikuwa nalo.

"Alisema kazi yako ni nzuri, Baba," nikasema.

"Munasikia?" Baba akawaambia, akavaa miwani, akachukua futi yake ya kupimia.